Kijito Kinapokauka: Mstaafu, Mafao Yake na Kumtumainia Mungu

Katika ofisi za serikali, shuleni, hospitalini na hata katika taasisi za Kanisa, ni nadra mwezi kupita bila sherehe ya kumuaga mtumishi aliyetimiza miaka 60. Huwa kuna pilau, hotuba, zawadi ya saa ya ukutani au kitenge, na picha ya pamoja mbele ya jengo. Mkuu wa taasisi husema kwamba pengo la anayeondoka halitazibika. Jumatatu inayofuata pengo limekwisha kuzibwa, na mtu yule yumo nyumbani kwake, amevaa kama aendaye kazini, hajui aifanyie nini asubuhi yake.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu kustaafu kumekuwa, kwa miaka kadhaa sasa, mojawapo ya masuala yanayolisumbua taifa letu. Neno kikokotoo, ambalo zamani halikutoka nje ya ofisi za mifuko, leo linatamkwa ndani ya daladala, sokoni, na nje ya kanisa baada ya Misa ya kwanza. Tena Dominika ya nne ya Julai Mama Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, iliyoanzishwa na Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2021. Tusingependa siku hiyo iishie katika zawadi za kanga na sukari, huku wazee wenyewe wakirudi nyumbani na mahangaiko ambayo hakuna aliyewauliza.

Itakumbukwa kwamba mwaka 2018 Bunge lilitunga sheria iliyounganisha mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, huku NSSF ikibaki na sekta binafsi. Kabla ya hapo mifuko haikuwa na kanuni moja: mwanachama wa mfuko fulani alilipwa nusu ya mafao yake kwa mkupuo, na wa mfuko mwingine robo tu. Kanuni mpya zilipotaka wote walipwe asilimia 25, malalamiko yalikuwa makubwa, na mwishoni mwa Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza kanuni za zamani zirejee hadi mwaka 2023. Kuanzia Julai 2022 mkupuo ukawekwa kuwa asilimia 33 kwa wote. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024 serikali ikatangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani wangepokea 50, na asilimia 35 kwa wale ambao wangepokea 25. Sehemu isiyolipwa kwa mkupuo haipotei. Mstaafu huipata kama pensheni ya kila mwezi maadamu yu hai.

Hoja ya serikali ilikuwa uhai wa mifuko yenyewe, ambayo inapaswa kuwalipa wastaafu wa leo na wa miaka thelathini ijayo. Hoja ya watumishi ilikuwa nyepesi kuelewa: mtu aliyeajiriwa kijana, akajipangia maisha akijua kwamba siku moja atapokea nusu ya haki yake kwa pamoja, akaahirisha kuezeka nyumba na kuchimba kisima akiingojea siku hiyo, anaambiwa karibu na mlangoni kwamba hesabu imebadilika. Sisi si wataalamu wa hesabu za bima, na hatutajifanya kuwa hao. Lakini twajua kwamba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika Waraka wake Laborem Exercens wa tarehe 14 Septemba 1981, aliitaja pensheni na bima ya uzee miongoni mwa haki za mfanyakazi. Kwa hiyo mwamini anayeuliza juu ya mafao yake, anayefuatilia jalada lake, anayemwomba mbunge wake aeleze sheria, hapungukiwi na imani hata kidogo. Tunalisema hili mapema kwa kuwa tumewasikia baadhi ya wahubiri wakiwaambia wastaafu wanaolalamika kwamba wangemwamini Mungu wasingehesabu senti. Maneno hayo ni mepesi kinywani mwa mtu ambaye mshahara wake bado unaingia.

Lipo, hata hivyo, jambo ambalo kikokotoo chochote, kiwe cha 25 au cha 50, hakiwezi kuligusa.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye hatumtaji jina kwa heshima yake, alitusimulia jinsi mwezi wake wa kwanza ulivyokuwa. Kwa miaka 34 alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri. Aliendelea kuamka saa hiyohiyo, akapiga pasi shati, akanywa chai, kisha akakaa sebuleni akiisikia kengele ya shule, kwa maana nyumba yake haiko mbali. Simu yake, iliyokuwa ikiita tangu asubuhi hadi usiku kwa habari za mitihani, madawati na vikao vya wazazi, ilinyamaza. Vijana wa mtaani waliokuwa wakimwita Mwalimu walianza kumwita Mzee, kwa heshima tu, naye kila alipolisikia neno hilo alihisi kana kwamba amevuliwa kitu. Mafao yalikuwa hayajatoka. Mke wake alidhani yametoka na anafichwa. Yeye akaanza kwenda Misa ya kila siku, jambo ambalo majirani walilisifu sana. “Lakini sikuwa nasali,” alituambia, “nilikuwa natafuta mahali pa kwenda.”

Tumelitafakari sana neno hilo la mwisho. Wapo wengi katika mabenchi yetu ya asubuhi ambao Mungu amewapokea kwa njia hiyohiyo, wakiwa wamekuja kutafuta mahali pa kwenda, na hatuoni kwamba ni njia mbaya ya kufika kwake. Ila ni vizuri tujue kinachomsibu mtu wa namna hiyo, ili tusimwite mcha Mungu pale anapozama.

Maandiko Matakatifu yana simulizi ambayo, kwa maoni yetu, inamfaa mstaafu kuliko nyingi anazosomewa. Ni ile ya nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Eliya anamtangazia mfalme Ahabu kwamba mvua haitanyesha. Kisha Bwana anamwagiza aende kujificha kwenye kijito cha Kerithi, mashariki ya Yordani, ambako atakunywa maji ya kijito na kunguru watamletea mkate na nyama, asubuhi na jioni. Anakaa huko muda. Halafu kijito kinakauka.

Mambo kadhaa katika simulizi hii hupitwa haraka. Kwanza, ni Mungu mwenyewe aliyemweka Eliya penye kijito kile. Kukauka kwake hakumaanishi kwamba nabii alikosea njia, au kwamba baraka imehamia kwa mwingine. Kilikuwa kijito chema, kilimlisha kwa wakati wake, na wakati ukaisha. Ajira ya miaka thelathini ndivyo ilivyo. Ilitoka kwa Mungu, ilisomesha watoto, ilinunua dawa, ilijenga heshima. Nayo haikuwa Mungu. Pili, kijito kilikauka kwa sababu ya ukame uleule ambao Eliya mwenyewe aliutangaza. Mtumishi wa Mungu hakuwekewa hali ya hewa ya peke yake. Mstaafu mwamini atapatwa na bei ya unga, na mabadiliko ya sheria, na shinikizo la damu, kama jirani yake asiyesali.

Tena kijito hakikauki kwa usiku mmoja. Tunamwona Eliya akiyatazama maji yakipungua siku baada ya siku, leo yamefika kwenye jiwe hili, kesho chini ya jiwe lile. Neno la Bwana la kumwambia aende Sarepta linakuja baada ya kijito kukauka, wala halikuja maji yalipoanza kupungua. Hiki ndicho kipindi kigumu kuliko vyote, nacho ndicho ambacho mahubiri yetu hukiruka: muda kati ya kukauka na kuitwa. Mwalimu wetu aliyekaa sebuleni akisikiliza kengele alikuwa ndani ya muda huo. Kumtumainia Mungu katika siku hizo hakukumpa uhakika wowote juu ya kesho. Kulimwezesha tu kukaa pale pasipo kujidanganya kwamba maji bado yapo.

Na hatimaye anapoitwa, anapelekwa wapi? Kwa mjane wa nchi ya kigeni, katika himaya ya Sidoni, ambaye yeye mwenyewe anaokota kuni mbili tatu apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe, kisha wafe. Nabii mkubwa anasimama kwenye lango la mji na kuomba maji ya kunywa, halafu kipande cha mkate. Kwa mtu aliyezoea kutoa, hakuna fedheha inayouma kama kuomba. Baba aliyekuwa akiwalipia ada watoto wa ndugu zake anapaswa sasa kupokea shilingi elfu thelathini kwa simu kutoka kwa binti yake, na ashukuru bila uchungu. Bwana wetu Yesu Kristo alimwambia Petro kwamba katika uzee wake atainyosha mikono yake na mwingine atamfunga mshipi (Yohane 21:18). Maneno yale yalihusu kifo atakachomtukuza Mungu kwacho, lakini kila mzee anayevalishwa viatu na mjukuu anajua kwamba yanaanza kutimia kabla ya kifo.

Unga wa yule mjane haukujaa ghalani. Haukuisha tu, kila siku ukabaki wa siku hiyo. Twatambua kwamba mfano huu unaweza kutumiwa vibaya, kana kwamba Biblia inaunga mkono pensheni ya kila mwezi dhidi ya mkupuo, basi watu wanyamaze. Hatusemi hivyo. Sheria za nchi zipimwe kwa haki na kwa ahadi zilizotolewa. Tunachosema ni kwamba mkupuo, uwe mkubwa au mdogo, una majaribu yake, na hapa tunataka kusema kwa uwazi, maana ndipo watu wetu wanapoumia.

Mtu ambaye maisha yake yote alipokea mshahara unaoisha tarehe kumi na tano anaona kwenye simu yake tarakimu ambazo hajawahi kuziona. Ndugu wanakumbuka ukoo. Mifuko ya pensheni imewaonya wastaafu mara nyingi juu ya matapeli wanaopiga simu wakijidai ni maofisa, wakitaja hadi namba ya cheki ya mtu, wakimwomba atume fedha kidogo ili malipo yake yaharakishwe. Wapo wanaonunua gari la abiria wasilolijua hata injini yake. Wapo wanaofuga kuku elfu moja kwa kuwa jirani alifanikiwa na kuku mia. Na wapo waliokwisha kukopa kabla hata ya kustaafu, kwenye ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, wakiweka kadi ya benki rehani, hivi kwamba mafao yanapoingia yanatoka siku hiyohiyo.

Katika mambo haya mara nyingi tumesikia lugha ya imani ikitumika. “Namwachia Mungu,” anasema mtu anayeweka milioni ishirini katika biashara ambayo hajaiuliza lolote. Huko ni kumjaribu Bwana, na kunafanana zaidi na kamari kuliko na sala. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyewaongoza wengi katika kupambanua roho, aliacha kanuni ambayo tungependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila mstaafu: wakati wa ukiwa wa roho usibadili maamuzi uliyoyafanya ulipokuwa na utulivu. Alionya pia kwamba hata baada ya faraja kubwa ipo saa ambayo mtu hujiwekea mipango yake mwenyewe akidhani bado ni Mungu anayesema. Mstaafu hupitia yote mawili ndani ya miezi michache, ukiwa wa kuachwa na ulevi wa fedha. Ushauri wetu kwa wale wanaotuuliza ni wa kawaida kabisa: miezi sita ya kwanza usinunue kitu kikubwa, usimdhamini mtu, usianzishe mradi. Nenda ungama. Lala. Tembelea kaburi la wazazi wako. Pima sukari na presha. Kisha kaa na mwenzi wako mwongee.

Katika hilo la mwenzi tunaongeza neno. Tumeshangazwa na idadi ya ndoa, hata zile zilizokwisha kuadhimisha jubilei ya fedha, ambamo mume hajui mshahara wa mke wala mke hajui wa mume. Kustaafu hulifunua jambo hilo ghafula. Siri ambayo kwa miaka ilionekana kuwa busara inageuka kuwa tuhuma. Hatudhani mtu anaweza kusema anamtumainia Mungu asiyemwona na huku akimficha karatasi ya malipo mtu anayelala naye chini ya neti moja.

Sasa hatuna budi kujitazama sisi wenyewe, maana lawama haziko kwa matapeli peke yao. Zipo parokia na vigango ambako jina la mstaafu mpya husomwa kwa furaha kwenye kikao cha kamati ya ujenzi kabla yeye mwenyewe hajapata nafuu ya kukaa. Ujumbe huenda kumtembelea. Huanza kwa sala, hupita kwenye pongezi, huishia kwenye fomu ya ahadi. Zaka na majitoleo ni wajibu mtakatifu, nasi tunajua kwamba makanisa yetu hayajengwi na malaika. Lakini Bwana Yesu aliwakemea vikali watu waliosema kwamba mali ya kuwasaidia wazazi wao ni Korbani, yaani imekwisha kutolewa kwa Mungu (Marko 7:9-13). Aliona kwamba madhabahu yenyewe yaweza kutumiwa kumnyang’anya mzee haki yake. Kama tungekubali shauri, Halmashauri Walei zetu zingejiwekea desturi ya kutomwomba mstaafu mchango wowote maalumu kwa mwaka wake wa kwanza, na badala yake zikamwuliza swali moja tu, kama kuna anayemsindikiza kwenye uhakiki, kwenye benki, kwenye kliniki. Uhakiki wenyewe sasa unaweza kufanyika kwa simu janja, jambo jema kwa aliye na simu hiyo na mjukuu wa kuishika. Hapo ndipo VIWAWA wangekuwa na kazi ya kweli kuliko semina nyingi.

Tena tusisahau kwamba tunapozungumza juu ya mafao tunazungumza juu ya wachache. Wakulima, wavuvi, mama lishe, mafundi seremala, hao hawana tarehe ya kustaafu wala sherehe ya kuagwa. Siku mgongo unapokataa ndiyo siku yao. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hatuna bado malipo ya namna hiyo kwa wazee wote. Na karibu yetu zaidi, wako makatekista. Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake Antiquum Ministerium ya tarehe 10 Mei 2021, aliiweka rasmi huduma ya Katekista katika Kanisa. Sisi ambao tulifundishwa Baba Yetu na watu hao, waliotembea kwa miguu au kwa baiskeli toka kigango hadi kigango, waliozika wafu wetu padre alipokuwa mbali, tunapaswa kuulizana kwa aibu wanaishije leo. Wengi wao walilitumikia Kanisa kwa miaka mingi kwa posho isiyotosha hata sabuni. Hawana mkupuo, hawana pensheni, wala hawana chama cha kuwasemea bungeni. Hatuwezi kuihubiria serikali haki ya mfanyakazi na wakati huohuo kumwacha katekista mzee ategemee bahati. Mara nyingi ndiye anayemtumainia Mungu kuliko sisi sote, na ndiyo sababu tumemzoea.

Kuhusu kuachia madaraka, Kanisa limejiwekea lenyewe nidhamu. Sheria Kanuni, namba 401, inamwomba askofu wa jimbo anapotimiza miaka 75 awasilishe barua ya kung’atuka kwa Baba Mtakatifu; maparoko nao wanaombwa kufanya hivyo kwa maaskofu wao. Umri huo, tunaona kwa tabasamu, ndio aliokuwa nao Abramu alipoondoka Harani asijue aendako (Mwanzo 12:4). Tarehe 12 Februari 2018 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa barua fupi juu ya kujifunza kuaga, akieleza kwamba anayejiandaa kuondoka anahitaji kujivua tamaa ya mamlaka na dai la kwamba bila yeye mambo hayaendi, na kutambua katika sala namna ya kuishi kipindi kinachokuja. Miaka mitano kabla yake, tarehe 11 Februari 2013, Papa Benedikto wa Kumi na Sita alikuwa ametangaza kung’atuka akiwa na miaka 85, akaishi katika monasteri ndani ya Vatikano, katika sala na ukimya, hadi alipofariki tarehe 31 Desemba 2022. Takriban miaka kumi. Wengi hudhani kwamba kilichobaki baada ya kazi ni kungoja tu. Yeye aliishi kana kwamba kazi imebadilika jina.

Nasi Watanzania tunaye Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, aliyekabidhi urais mwaka 1985 akarudi Butiama kulima, katika zama ambazo viongozi wengi wa Afrika waliondolewa kwa bunduki au kwa jeneza. Hata yeye hakuacha vyote kwa mara moja, kwa maana alibaki mwenyekiti wa chama hadi mwaka 1990. Tunalikumbuka hilo bila kumlaumu. Linatusaidia kuwavumilia wazee wetu ambao hawajui kuondoka mlangoni, wanaorudi ofisini kila Alhamisi kuuliza kama kuna barua yao.

Mzaburi wa Zaburi ya 71 ni mzee, naye hafichi hofu yake. Anamwomba Mungu asimtupe nguvu zake zinapopungua, na papo hapo anaomba apewe muda wa kukisimulia kizazi kijacho aliyoyaona. Tungewashauri wastaafu wetu waisali zaburi hiyo kwa sauti, na waisali hasa ile sehemu ya hofu, maana tumewafundisha watu wetu kuanza na shukrani upesi mno, wakabaki na hofu yao isiyosemwa mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya Bwana.

Mwalimu yule tuliyemtaja alipata mafao yake mwezi wa tano. Yalikuwa pungufu kuliko alivyotarajia, kwa sababu miaka kadhaa ya michango ya mwanzo haikuonekana katika kumbukumbu, na bado anaifuatilia. Jioni ya Dominika moja, baada ya Rozari, alimwonyesha mke wake ujumbe wa benki na kiasi kamili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wafunge ndoa. Mke alinyamaza kitambo, kisha akaingia chumbani akatoka na daftari la kikoba, ambalo mume hakuwa amewahi kuliona kwa miaka tisa, akaliweka mezani na kulifungua ukurasa wa mwisho. Mabati ya nyumba yao ya kijijini yalinunuliwa kwa fedha za daftari lile.